Barua kwa rafiki aliyekabidhi simu yake

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Mimi sijambo, isipokuwa magoti ambayo unayajua tangu zamani, na wote waliomo nyumbani wanakusalimu sana. Ni muda mrefu hatujaandikiana, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine, kwa kuwa lipo jambo moja linaloninyima raha tangu nilipoongea na binti yako.

Amenieleza kwamba umempa kaka yake simu yako pamoja na namba ya siri ya benki, ukamwambia kwamba kuanzia sasa yeye ndiye atakayelipa, atakayesoma ujumbe na atakayejibu kwa niaba yako, kwa sababu mambo ya siku hizi si ya watu wa umri wetu. Alinisimulia kwa furaha, kana kwamba umetuliwa mzigo. Mimi sikufurahi hata kidogo. Wewe ndiye uliyetunza daftari la chama chetu miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kukuta hesabu yako ina kasoro. Siwezi kuamini kwamba mtu wa namna hiyo ameshindwa na kioo cha mkononi. Ninachoamini ni kwamba umechoka, na mtu aliyechoka hupumzika, halafu huendelea.

Kumbuka tulikotoka. Martin Cooper alipopiga simu ya kwanza ya mkononi akiwa barabarani huko New York, tarehe 3 Aprili 1973, mimi na wewe tulikuwa tayari tunajua kusoma na kuandika. Tim Berners-Lee alipopendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 tulikuwa watu wazima, na ujumbe mfupi wa kwanza ulipotumwa mwaka 1992 tulikuwa na kazi na watoto. Baadaye tulijifunza kuandika ujumbe kwa vitufe ambavyo kila kimoja kilibeba herufi tatu au nne, tukivibonyeza mara kadhaa ili kupata herufi moja, na hakuna aliyetufungulia darasa. Kwa hiyo nikisikia ukisema kwamba huna kichwa cha mambo mapya, naona unajidhulumu. Raymond Cattell, yule mwanasaikolojia, alitofautisha akili inayotatua upesi jambo geni na akili iliyojengwa na maarifa na uzoefu. Ile ya kwanza huanza kupungua mapema katika utu uzima. Ya pili hudumu, na kwa wengi huendelea kukua hadi umri mkubwa. Maana yake ni kwamba tutajifunza polepole kuliko wajukuu. Haina maana kwamba hatutajifunza.

Tena, sehemu kubwa ya taabu yako haitoki kichwani mwako. Tangu miaka ya arobaini ya umri, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu wake, na maandishi ya karibu hufifia kwa kila mtu, msomi na asiye msomi. Kioo cha simu hutambua kidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi kavu ya uzee huupitisha kwa shida, ndiyo maana unagusa mara mbili na simu ikakaa kimya. Masikio nayo huanza kupoteza sauti nyembamba kabla ya zile nzito, nayo milio mingi ya simu ni myembamba. Halafu kuna zile tarakimu za uthibitisho, ambazo katika baadhi ya programu hubadilika kila baada ya sekunde 30, wakati wewe bado unatafuta miwani. Je, hapo mwenye kosa ni mzee, au ni aliyebuni chombo bila kumfikiria mzee?

Nalisisitiza hili kwa sababu wataalamu wenyewe walikwisha kulikubali. Miongozo ya kimataifa ya wavuti iliyotolewa mwaka 2008 inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi mara mbili ya ukubwa wake bila ukurasa kuharibika, na mtumiaji apewe uwezo wa kuongeza muda pale anapowekewa kikomo. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani bila sababu, maana desturi hiyo huwafanya wachague nywila dhaifu. Lile lililokukera kwa miaka mingi, na ambalo ulidhani ni udhaifu wa kumbukumbu yako, lilikuwa ni kanuni mbaya.

Sasa narudi kwa kijana wako. Namjua, nilimbeba mgongoni, na sina shaka na uaminifu wake. Hata hivyo, namba ya siri ikishatoka mikononi mwako, benki haiwezi kujua kama aliyebonyeza ni wewe au ni yeye, na likitokea la kutokea utakayeulizwa ni wewe. Kuna pia jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mkono usiotumika husahau. Leo atakulipia bili, kesho atakujibia marafiki, keshokutwa hutajua ni nani aliyekutafuta wala ni nani mgonjwa, na utaanza kuomba ruhusa ya kuyajua mambo yako mwenyewe. Nimeyaona hayo kwa yule jirani yetu wa zamani, ambaye siku hizi hata salamu zake hupitia kwa mkwewe, na sitaki kuyaona kwako.

Mwombe kijana akae kando yako, simu iwe mkononi mwako, naye asiguse kitu. Aseme tu, nawe utende. Akuonyeshe mahali pa kukuza maandishi, akuelekeze kubadilisha mlio uwe mzito, kisha uandike hatua zote kwenye daftari kwa maneno yako, kwa mwandiko wako ule mzuri. Namba ya siri usiiandike humo. Fanya jambo moja hilo hilo mpaka lizoeleke, ndipo uende kwenye lingine. Na anayekupigia akidai kwamba anatoka benki, kisha akakuomba tarakimu ulizotumiwa hivi punde, kata simu hata kama ana sauti ya upole, kwa kuwa matapeli huishi kwa haraka za watu.

Sisemi kwamba kila kipya ni chema. Inaniuma kuona ofisi zinafunga madirisha yake na kumwambia mtu mwenye mtetemeko wa mikono kwamba huduma zote ziko mtandaoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufikia mwaka 2050 watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi watakuwa bilioni 2.1, na sioni ni kwa haki gani umati huo wote uambiwe ujitegemee au utafute mtoto wa kumsaidia. Wapo wasio na watoto. Wapo ambao watoto wao ndio... lakini hilo tuliache. Mimi nitaendelea kudai dirisha lenye mtu nyuma yake, na nitaendelea pia kujifunza simu.

Kuhusu lalamiko lako la zamani, kwamba vijana hawapigi tena simu na wanaandika maneno mawili matatu bila salamu, nimelitafakari sana. Nilipomuuliza mjukuu wangu mkubwa, alinijibu kwamba kupiga simu bila taarifa kwao ni kama kuingia chumbani mwa mtu bila hodi, na kwamba wanaandika ili kumwachia mwenzao nafasi. Sikuipenda desturi hiyo, na bado siipendi, ila tangu siku ile sijaiita dharau. Anaponiandikia maneno matatu, mimi humjibu kwa salamu kamili, na nimeona kwamba majibu yake yanaanza kurefuka.

Basi nijibu, rafiki yangu. Ni jambo gani hasa lililokuvunja moyo: ni maandishi madogo, ni nywila, au ni mtu aliyekusemesha vibaya mbele ya watu? Kijana alikuomba simu, au ulimpa kwa hiari yako? Macho yako yamepimwa lini? Je, Mwalimu bado anakutembelea, na yeye anayamudu vipi mambo haya? Utakubali kubadilisha hiyo namba ya siri mwezi huu, ukaijua peke yako? Na ukinijibu kwa ujumbe wa simu, utaniandikia wewe mwenyewe, hata kama herufi zitapishana?

Wako akupendaye daima,
Rafiki yako wa tangu shule