Kobe aliyetelekezwa hutaka maji kwanza, chakula baadaye

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua kuzungumzia kobe wa nchi kavu, hasa yule wa madoadoa meusi juu ya gamba lenye rangi ya nyasi kavu. Huyu ndiye anayeonekana zaidi kwenye nyua za Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Mombasa, amefungwa kamba chini ya mwembe au kafungiwa bafuni. Mtu mwenye huruma humchukua, humwekea sahani ya papai na ndizi, na baada ya siku kumi humzika. Mara nyingi kinachomuua si yale mateso ya miaka. Ni huduma ya wiki mbili za mwanzo, iliyotolewa kinyume.

Kwanza sheria, maana wengi huiruka. Kobe ni mnyamapori. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, Kenya ina yake ya 2013, na kote kumiliki bila kibali ni kosa. Anayempokea atoe taarifa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, au Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) akiwa Kenya, bila kungoja apone. Akiwa ni yule kobe bapa wa majabalini, anayefananishwa na chapati, haraka inahitajika zaidi: tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Tunayoeleza hapa ni ya kumweka hai hadi afisa afike, na ni ya mwenye kibali pia.

Siku ya kwanza mpime kwa mizani ya jikoni, uandike gramu na tarehe. Kisha mkague. Macho yaliyozama ni dalili ya kukaukiwa maji. Mapovu puani au kupumua mdomo wazi na shingo imenyooshwa ni mapafu. Bonyeza gamba taratibu kwa kidole gumba: kwa kobe mkubwa liwe gumu kama kifuu cha nazi, na likibonyea amekosa kalisiamu na jua kwa muda mrefu. Tazama kama mdomo wa juu umerefuka na kujikunja kama wa kasuku. Chunguza miguu, maana kamba iliyokaa miezi huzama ndani ya ngozi, ukadhani ni kikunjo tu. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, na watoto wadogo wakae mbali, kwa kuwa kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela.

Kuna tundu la ukingoni. Watu hutoboa gamba kwa msumari wa moto au drili ili kupitisha kamba, wakiamini ni kama ukucha. Gamba ni mfupa hai, limeungana na mbavu na uti wa mgongo, na lina mishipa ya fahamu. Tundu hilo ni kidonda. Toa kamba, safisha kwa iodini iliyozimuliwa na maji hadi iwe rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, mara moja kwa siku, na mzuie nzi wasitage funza. Usizibe kwa gundi wala saruji, utafungia usaha ndani. Rangi ya kuta iliyopakwa mgongoni isitolewe kwa petroli wala tina ya kuzimulia rangi, bali ibanduliwe kidogo kidogo kwa ukucha na mswaki mlaini wakati gamba limelowa. Na mafuta ya nazi ya kumng'arisha yana kazi gani? Yanashika vumbi na vimelea, basi.

Sasa maji, na hapa ndipo tunaomba msomaji atulie. Kobe aliyetelekezwa karibu kila mara ni mkavu ndani, na figo zake zimelemewa. Chukua karai lenye kingo asizoweza kupanda. Tia maji ya uvuguvugu, nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, yafike pale gamba la juu linapokutana na la chini, kichwa kikiwa juu bila taabu. Mkono ukihisi yanachoma hata kidogo, yamezidi. Mwache dakika 20 hadi 30, ongeza ya moto kidogo yakipoa (mtoe kwanza), kisha mkaushe. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, baadaye mara tatu kwa wiki. Atatumbukiza pua na utaona koo likicheza, ndiyo kunywa kwake. Mara nyingi atajisaidia humo humo. Usimwage bila kutazama, kwa sababu pamoja na mkojo hutoka kitu cheupe. Kikiwa laini kama dawa ya meno, maji yanaanza kutosha. Kikiwa na chembechembe kama mchanga, bado ni mkavu, na huenda ana jiwe kwenye kibofu. Usimwache peke yake. Kobe dhaifu huzama hata kwenye maji ya kina cha kiganja.

Joto huenda sambamba na maji, kwani kobe hana moto wake wa ndani. Bila nyuzi zipatazo 30 mchana, utumbo hausagi, na alicholala nacho tumboni huoza. Dar es Salaam na Mombasa hewa inatosha. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya mwezi wa sita na wa saba haitoshi, na sakafu ya saruji ndiyo mbaya kuliko zote. Mlaze kwenye sanduku la mbao lenye nyasi kavu, ndani ya nyumba, usiku usishuke chini ya nyuzi 20 akiwa mgonjwa. Ukiambiwa "analala tu kwa sababu ya baridi", usikubali. Kobe wa madoadoa hana usingizi wa majira kama kobe wa Ulaya. Akilala wiki nzima, anaumwa.

Asubuhi mtoe kwenye jua, lakini nusu ya eneo iwe na kivuli. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii, kioo huzuia miale ya urujuanimno inayotengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalisiamu atakayokula itapita tu. Ukuta wa uzio usiwe wa wavu. Akiona ng'ambo atasukuma hadi pua ichubuke, atapanda, ataanguka chali, na kobe aliyelala chali juani saa sita mchana hadumu.

Chakula kije mwisho. Kwa aliyekondeana, siku tatu za mwanzo ni maji na nyasi chache tu, maana sukari nyingi inayoingia ghafla kwenye mwili uliozoea njaa huvuruga madini ya damu, na moyo husimama. Baada ya hapo sehemu kubwa ya mlo, robo tatu au zaidi, iwe nyasi: ukoka na nyinginezo zisizopuliziwa dawa. Zinazobaki ziwe mchunga, kishona nguo, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate uliotolewa miiba. Mchicha si sumu, ila una asidi inayoshika kalisiamu, basi uwe wa nadra. Kisamvu kibichi usimpe kabisa, kina sianidi. Ugali, wali, mkate, maziwa na chakula cha mbwa ndivyo vilivyomfikisha hapo alipo. Matunda humharisha na kunenepesha minyoo.

Kalisiamu haihitaji dawa ya bei. Walio pwani wana gamba la dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, linalookotwa ufukweni: lisuuze, likaushe, liweke zima alitafune mwenyewe. Bara, chemsha maganda ya mayai, yakaushe, yatwange yawe unga, umnyunyizie robo ya kijiko cha chai kwenye nyasi mara tatu kwa wiki kwa kobe wa kilo mbili. Porini hutafuna mifupa, hata mavi makavu ya fisi, kwa haja hiyo hiyo. Chokaa ya kupakia ukuta ni jambo jingine, itamuunguza koo.

Onyo moja lingetosha kuwa barua nzima: usimchome wala kumnywesha ivamektini. Ipo kila duka la dawa za mifugo, inaua minyoo na kupe wa ng'ombe na mbuzi vizuri, na kwa kobe ni kifo. Humlegeza viungo mpaka ashindwe kupumua. Kupe walio kwapani na kwenye mapaja watoe kwa kibano, mmoja mmoja, na uwaue, usiwaachie zizini. Baadhi ya kupe wa kobe wanaweza kubeba maji moyo, ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hofu hiyo ndiyo iliyoifanya Marekani mwaka 2000 kupiga marufuku uingizaji wa kobe hawa wa madoadoa.

Mapovu ya puani hayasubiri. Kobe hana kiwambo cha kukohoa, na usaha wake ni mzito kama jibini, hautoki wenyewe. Hapo ni daktari wa mifugo na antibayotiki ya sindano, na muulize kama amewahi kutibu mtambaazi kabla hajachoma. Mdomo uliorefuka nao asiuguse fundi mwenye koleo, utapasuka hadi kwenye mfupa. Akiwa na maji na joto la kutosha wiki mbili na bado hali, daktari ampitishie mpira tumboni. Uji wa bomba la sindano nyumbani huishia mapafuni.

Mpime kila wiki siku ileile, kabla ya kumlowesha. Akipungua sehemu moja ya kumi, rudi kwa daktari. Vilima vya gamba, yale matuta yaliyoinuka kwa malezi mabaya, havitasawazika tena. Tazama mistari mipya inayoota pembeni mwa kila kigae cha gamba, ikitoka laini na tambarare, lishe imekaa sawa. Gamba lililokuwa laini huchukua miezi mingi, hata mwaka, kukaza.

Akishapona, asipelekwe porini kwa boda boda usiku. Anaweza kuwaambukiza wenzake mafua ya kifuani waliyokuwa hawana. Wala asitupwe bwawani na anayemdhania kasa. Kasa ana mapezi, huyu ana miguu ya tembo. Mkabidhi afisa wa wanyamapori, pamoja na lile daftari la gramu na tarehe.

Ni sisi wasomaji wako, wahudumu wa wanyama,
Tanga.