Shavu la mtoto si jino kila mara

Wanangu wa mwaloni, marahaba.

Nimestaafu utabibu, lakini bado mnanigongea usiku. Wiki iliyopita mmoja wenu alikuja na mtoto wa miaka mitano begani, shavu la kulia limetuna kama aliyebania andazi. "Mzee, ni jino. Tumemsukutulisha maji ya chumvi, tumempa dawa za duka." Nikamulika mdomoni. Magego mawili yanacheza ukiyagusa, na hakuna lililooza. Homa hana. Nikibonyeza, halii.

Nilishtuka, maana shavu kama hilo nililiona zamani, nikaandika amoksilini na kumtuma mtoto akang'olewe jino. Aliporudi, jicho lilikuwa limesukumwa nje. Tulichelewa. Kosa lile ni langu, sina wa kumsingizia.

Si kila uvimbe ni saratani. Upo unaotulia mahali pake miaka kumi, ukikatwa umekwisha. Saratani huvamia jirani na kupeleka mbegu mbali. Huu wa taya unaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeanza kuufuatilia kwa watoto mwaka 1957. Chanzo chake ni chembe nyeupe za damu, jino linasingiziwa tu. Na una mbio: waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka 1964 watafiti wa London walikuta kirusi ndani ya chembe zake, kikaitwa Epstein-Barr. Kirusi hicho karibu watu wazima wote tunacho, tulikipata kwa mate. Peke yake mara nyingi hakina neno. Huku kwetu kinapata mwanya kwa malaria inayomrudia mtoto kila mara, kwa hiyo chandarua ulichokigeuza cha kuanikia dagaa kirudi kitandani leo hii. Uvimbe wenyewe hauambukizi. Acheni kumtenga mtoto na sinia la wenzake.

Dawa zipo. Mtoto akiwahi, dripu za saratani huuyeyusha, na hospitali ya Bugando, Mwanza, wanatibu. Watakata kinyama kidogo wakipime kwanza. Msitoroke mkisikia neno kukata. Kwa waganga wa kuchanja msipite hata kwa siku moja, uvimbe huu haulali.

Yule mtoto alipanda boti ya alfajiri kwenda Mwanza. Baba yake alikuwa na nauli ya kwenda tu. Kesho jioni, mitumbwi ikirudi, nitapita kwa kila mmoja wenu na kofia yangu mkononi.