Wasindikizaji wa ziara za wanafunzi waandaliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wakuu na kamati za shule za hapa Dodoma kuhusu ziara za mafunzo, hasa zile za kwenda Kondoa kuona michoro ya miambani.

Nimewahi kuwa mzazi msindikizaji wa darasa la tano katika ziara ya Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro hiyo. Wazazi tulioitwa tulikutana na watoto getini alfajiri, basi likiwa tayari linanguruma. Agizo tulilopewa lilikuwa moja tu: asipotee mtoto. Hiyo ni kazi kubwa na naiheshimu, maana njia ya kupanda Mungomi wa Kolo, penye miamba yenyewe, ni ya mawe na mwinuko mkali, na watoto wa umri ule hawatembei, wanakimbia. Lakini juu tulifika na kundi moja la watoto zaidi ya arobaini na mwongoza wageni mmoja. Waliotangulia mbele walisikia maelezo. Wa nyuma walisikia "nyamazeni" na "pangeni mstari", kisha wakaamriwa waandike kwenye daftari mambo ambayo hawakuyasikia.

Iliniuma kwa sababu ya kilichokuwa mbele yao. Michoro ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro ni zaidi ya 150. Wamo wanyama waliochorwa na wawindaji wa kale kwa rangi nyekundu, na ipo michoro myeupe ya wakulima waliokuja baadaye. Wamo pia watu warefu, wembamba, wenye vichwa vikubwa. Katika mchoro mmoja, mtu wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa kulia na wa kushoto. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyefanya kazi ya kuinakili michoro hii mwaka 1951, aliona humo mwanamke anayegombewa. Wengine baada yake wakaona ngoma ya uganga.

Wataalamu hawajakubaliana, na hapo ndipo mtoto anapopata pa kuingilia. Nilisimama pembeni na watoto wachache nikawauliza wao wanaona nini. Walibishana mpaka mwongoza wageni akasogea kuwasikiliza! Binti mmoja alishikilia kwamba wale wanacheza, akawashika wenzake mikono kutuonyesha. Katika kikundi kile hakuna aliyehitaji kunyamazishwa.

Kwa hiyo naomba shule ziwaite wasindikizaji siku kadhaa kabla ya safari, hata kwa saa moja, waelezwe wanakokwenda na wanachokwenda kuona. Kila mmoja akabidhiwe watoto wanane au tisa, awajue kwa majina. Makundi yapande kwa zamu, wengine wakisubiri chini na mwalimu.

Msindikizaji ajue kwamba michoro haiguswi, wala haimwagiwi maji ili ing'ae kwenye picha, kwa kuwa vyote viwili huiharibu. Mtoto akielezwa sababu anaelewa, tena atamkanya na mtu mzima. Ajue pia kwamba Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo Warangi, wenyeji wa Kondoa, bado hufanya matambiko, ya kuomba mvua na ya uponyaji. Watoto wa Dodoma, ambao wameona mahindi yakikauka shambani kwa babu zao, hawahitaji maelezo marefu kuhusu kuomba mvua. Wakiambiwa hivyo kabla ya kupanda, watapanda kwa adabu bila mtu kushika fimbo.

Daftari zibaki kwenye basi. Kuandika kufanyike darasani kesho yake.

Uteuzi wa wasindikizaji nao utazamwe. Asichaguliwe mtu kwa kuwa alichangia zaidi mafuta ya basi. Mjini hapa tunao bibi na babu waliozaliwa Kondoa, wanaoijua ile milima tangu utotoni, na sijasikia shule ikiwaita.

Na pale wasindikizaji wanapokuwa hawatoshi, darasa ligawanywe: nusu waende muhula huu, nusu wasubiri muhula ujao. Kutoka hapa hadi Kolo ni kama kilomita 180 za lami, na wazazi wengi huchangia nauli hiyo kwa kujinyima.

Mzazi,
Ipagala, Dodoma