Nusu ya Medali

Firenze, Italia

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya na kwamba goti limepoa. Mimi ni mzima, ninapambana na baridi tu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuona Ospedale degli Innocenti, nyumba iliyolea watoto yatima na walioachwa na wazazi wao kwa karne nyingi, ambayo sasa ni makumbusho. Ilianza kujengwa mwaka 1419 kwa ramani ya Filippo Brunelleschi na kwa fedha za chama cha wafanyabiashara wa hariri. Mbele ina baraza ndefu ya matao, ambayo ungeiona ungeagiza mkeka papo hapo, na juu ya nguzo zake wamepangwa watoto wachanga wa udongo wa kuchoma, weupe juu ya buluu, wamezongwa vitambaa hadi kifuani.

Mtoto wa kwanza alipokewa tarehe 5 Februari 1445, siku ya Mtakatifu Agata, akaitwa Agata Smeralda. Wengi waliomfuata walipelekwa mashambani kwa wanawake waliolipwa ili wawanyonyeshe, na wengi mno walifia huko. Wavulana waliokua walifundishwa kazi za mikono. Wasichana, walipopata wachumba, walitolewa mahari na nyumba hiyo, kwa kuwa huku mahari ilitoka kwa upande wa bibi harusi. (Najua hapo umecheka.)

Mwishoni mwa baraza lipo dirisha lenye nondo, ambalo mtoto alipitishwa bila aliyemleta kuonekana, hadi lilipofungwa mwaka 1875. Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni vidroo vya ukutani, kila kimoja na jina la mtoto. Nilivuta kimoja, nikakuta nusu ya medali isiyozidi ukucha wa dole gumba, imekatwa makusudi. Nusu ya pili ilibaki kwa mama, ili siku akirudi vipande vikutanishwe na mwanawe atambulike.

Nilisimama pale muda mrefu, Bibi, nikikumbuka usiku ule mama mdogo alipomleta binamu kwako, na ule ushanga wa mkononi ambao hukumruhusu mtu kuukata, mpaka ulipombana ndipo ukaufungua mwenyewe na kuutia kwenye kopo la majani ya chai. Sisi watoto tulisema ametupwa, nawe ukatugombeza, ukasema huyu hakutupwa, amewekwa. Wakati ule niliona unamfichia binti yako aibu yake tu. Sasa naona ulichagua neno kwa uangalifu kuliko wengi walioandika habari za nyumba hii.

Nimemtumia kaka picha ya ile medali, akuonyeshe kwenye simu yake. Nawe uniambie: kopo lile bado liko kabatini, au umekwisha kumkabidhi mwenyewe ushanga wake?

Mjukuu wako akupendaye