Wagonjwa wa moyo waambiwe vipimo, "punguza mafuta" peke yake haisaidii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo linaloniuma sana kuhusu wagonjwa wa moyo, hasa hawa ambao mishipa imeziba kwa mafuta. Mtu anawekewa stenti, yani kale kabomba kadogo ka kushikilia mshipa usizibe, dawa anaandikiwa vizuri kabisa ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula, halafu chakula ambacho atakula maisha yake yote kinamalizwa na sentensi moja akiwa ameshashika mfuko wake anatoka: punguza mafuta, kula mboga, fanya mazoezi. Basi.

Apunguze mpaka wapi? Hapo ndo watu wanapopotea. Kaka yangu alivyoruhusiwa kurudi nyumbani shemeji aliacha kabisa kupika nyama, ikawa maharage na mboga za majani, sote tukafurahi, ila siku moja nikawa naye jikoni nikaona anavyoweka mafuta. Chupa inainamishwa tu juu ya sufuria, anakadiria kwa macho. Nikamwomba tupime kile anachomimina kila siku, vikaja vijiko vinne vikubwa, na hicho ni chungu kimoja tu cha mchana. Kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 14 za mafuta!

Sasa linganisha na mlo wa Dk. Dean Ornish wa Marekani, yule ambaye utafiti wake ulitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1990. Mafuta yalikuwa kama asilimia 10 ya kalori zote, kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi kwa siku nzima, na humo humo yanahesabiwa yale yaliyomo ndani ya nafaka na maharage yenyewe, manake vijiko viwili vikubwa tu vya mafuta ya kupikia umeshapitiliza. Na watu wanadhani kikitoka shambani basi ni salama, jamani chipsi ni viazi lakini zimekunywa mafuta, na mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni aina ile inayopandisha kolestro mbaya.

Utafiti wenyewe ulikuwa na wagonjwa 48. Kundi moja halikula nyama wala samaki, wakafanya mazoezi, wakaacha sigara, wakafundishwa kutuliza mawazo na wakawa wanakutana kutiana moyo, kundi lingine likaendelea na matibabu ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja kuziba kwa mishipa kwa kundi la kwanza kulishuka kwa wastani kutoka asilimia 40 hadi 37.8, wenzao kukapanda kutoka 42.7 hadi 46.1. Namba zinaonekana ndogo ila maumivu ya kifua yalipungua sana, na ripoti ya miaka mitano iliyotoka 1998 ilionesha tofauti ya makundi hayo mawili imezidi kuwa kubwa. Mimi hilo linanipa matumaini makubwa. Lakini tuseme ukweli wote, watu walikuwa wachache na mambo yote yalifanywa kwa pamoja kwahiyo huwezi kusema ni chakula peke yake, na wapo wataalamu wenye tafiti zao wanaosema mafuta ya zeituni na karanga kwa kiasi hayana shida kwa moyo. Sina ugomvi nao, ninachotaka ni mgonjwa aambiwe afuate njia gani na kwa kipimo gani.

Kingine kinachonitisha ni watu kutupa vidonge eti wameanza kula mboga. Aliyewekewa stenti akiacha ghafla dawa za kuzuia damu kuganda stenti inaweza kuziba na akafa, hili lisemwe kwa sauti. Anayetumia warfarini, nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani kwa fujo bila kumwambia daktari sababu zina vitamini K inayopunguza nguvu ya ile dawa. Mwenye sukari anayechoma insulini naye akibadilisha mlo dozi iangaliwe upya isije sukari ikashuka sana, na aliyeacha kabisa vyakula vya wanyama anahitaji vitamini B12 ya kidonge.

Mazoezi nayo ni hivo hivo. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yani nusu saa siku tano, na kutembea haraka kunatosha. Wastani ni pale unapoweza kuongea na mwenzio lakini kuimba huwezi. Aliyetoka kupata shambulio la moyo aanze pale daktari wake aliposema, polepole, na kifua kikibana au maumivu yakaenda mkono au taya asimame hapo hapo atafute msaada.

Ombi langu kwa hospitali, kabla mgonjwa hajatoka mtu wa lishe akae naye nusu saa, na aitwe yule anayempikia, maana mara nyingi mgonjwa mwenyewe hata hajui chungu kinawekwa mafuta kiasi gani. Na nyie wahariri, ukurasa wenu wa afya utoe jedwali la kijiko kimoja cha kila aina ya mafuta kina gramu ngapi, kubwa la kukata na kubandika jikoni.

Msomaji wenu wa siku nyingi