Dirisha la Danieli

Luanda, Vihiga
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na nyanya yako anakuulizia kila siku.

Tangu ulipopiga simu Jumatano nimekuwa nikiyawaza maneno yako, kwamba huko Njoro maombi yamekushinda: unapiga magoti, maneno yanakauka, halafu unajiona mnafiki. Salio liliisha kabla sijakujibu. Hata hivyo, jibu lenyewe sikuwa nalo siku ile.

Ulipokuwa mdogo ulipenda nikusomee habari za Danieli, nawe ulikuwa ukingoja simba. Mimi siku hizi nakwama kabla simba hawajafika, sura ya 6, mstari wa 10. Amri ya kukataza kumwomba yeyote ila mfalme imekwisha kutiwa sahihi, naye Danieli anaingia nyumbani kwake, madirisha yako wazi kuelekea Yerusalemu, anapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyozoea. Hapo ndipo nilipokamatwa. Kumbe hakuanza kuomba siku ya simba! Alikuwa ugenini Babeli tangu ujana wake, na sidhani kila siku alisikia moto moyoni. Alipiga magoti tu, na kesho yake tena.

Kwa hiyo, mama, usingoje maneno matamu. Mimi naombea kwenye maharagwe. Alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, nayamwaga kwenye uteo nichambue. Nikitoa jiwe, namtajia Bwana linalonisumbua. Nikifika kwenye yaliyo safi, nawataja ninyi watoto mmoja mmoja. Siku nyingine sitamki lolote, vidole vinaenda tu, na najua niko mbele zake.

Jioni ni kutafakari. Marafiki, yaani Wakristo wa Quaker waliofika Kaimosi mwaka 1902, wana desturi ya zamani ya kunyamaza mbele za Mungu. Leo ibada zetu zimejaa nyimbo, nami nazipenda sana, lakini ule ukimya nimeutunza nyumbani. Nikishazima taa naipitia siku yangu tangu asubuhi, polepole, nikimwuliza Bwana: hapa nilikuwa nawe?

Majuzi alinionyesha mama mmoja mzee aliyenunua gorogoro moja ya mahindi. Aliomba nyongeza, kiganja kimoja tu, nami nikamjibu kwa ukali mbele za watu. Mchana sikuona kosa. Gizani niliiona mikono yake, jinsi alivyoufunga mfuko taratibu bila kuniangalia usoni. Nililia, mwanangu. Nilimngoja siku nne hadi akapita tena, nikamwomba radhi, nikamjazia mfuko. Alinishika mkono akauliza habari za watoto wangu, nikamweleza kuhusu wewe na masomo yako. Akasema atakuombea.

Anza na kidogo. Kabla hujashika simu asubuhi, mshukuru Mungu kwa jambo moja, lolote, hata maji yaliyotoka mferejini. Usiku, jiulize lile swali langu moja, kisha ulale. Ukikosa siku mbili, rudi siku ya tatu bila kujilaumu. Baba hakufungii mlango.

Najua dirisha la chumba chako linatazama ukuta wa jirani. Lifungue hivyo hivyo. Saa kumi na moja alfajiri mimi nitakuwa nimekaa na uteo wangu, na jina lako litakuwa la kwanza.

Akupendaye,
Mama