Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, wapanda matunda Kabale, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana, nawasalimu.

Kazi za mwaka mnazijua, sitarudia sana. Mikutano ilifanyika ingawa mmoja mvua iliukatiza, mafunzo ya kupogoa na kuunganisha miche yalifanyika, wageni kutoka Kisoro walikuja wakaona wakala wakarudi. Matunda damu (nyanya za mti) yamezaa vizuri, hayo baridi yetu wala hayaijali.

Sasa nije kwa kitalu chetu cha miche maana najua hapo ndipo mnaponingoja. Kwa grupu ya WhatsApp imesemwa eti mwenyekiti kakihamisha kutoka bondeni akakipeleka kwenye mteremko kwa sababu ni karibu na kwake. Ni karibu na kwangu ndio, na maji ya kumwagilia yanatoka kwa tangi langu bila kudai mtu hata shilingi, mbona hilo hamliandiki? Sababu ni baridi. Sisi tuko kama mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka inajaa bondeni kama maji, ndio maana asubuhi ukisimama juu unaona ukungu wote umelala kule chini. Mwezi wa saba mliona wenyewe papai zilivyooza shina na miembe ilivyokauka ncha za majani. Pale katikati ya mteremko kuna nafuu kidogo tu, lakini kwa mche mdogo hiyo kidogo ndio uhai. Na mimi nililisema hili kabla hatujachimba shimo hata moja, liko kwenye minitsi za mkutano, waliokuwa wanasinzia siku hiyo wasome.

La pili, miembe. Wengi mlitaka pesa yote iende kwa miembe kwa sababu mmeona ya Soroti, kule chini kwenye joto. Jamani, ukienda juu mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6! Hata ikitoa maua hapa, ukungu na manyunyu yanaleta kuvu, maua yanakuwa meusi yanadondoka. Niliamua tununue ovakado za kuunganishwa, asili yake milima ya Meksiko na Guatemala, baridi inaijua. Tulichanganya aina mbili, Hass na Fuerte, kwa sababu maua yao yanafunguka zamu tofauti na yanasaidiana kuchavusha. Ningengoja kura mpaka leo tungekuwa tunabishana.

Pesa: wanachama 64, waliolipa ada 27, kila mmoja 20,000, jumla 540,000. Miche 200,000, wavu wa kivuli na vifaa 150,000, uzio 90,000, usafiri 60,000. Imebaki 40,000. Madeni ya ada ya wasiolipa ni 740,000 na wenye sauti kubwa kwenye mambo ya kitalu wengi wao wamo humo, majina nayaacha leo kwa heshima tu. Siku ya kujenga uzio walikuja watu tisa, na wawili walikuja saa ya chai.

Mwakani tunatumaini kuongeza miche, kutafuta soko, labda na mfadhili akipatikana, Mungu akijalia tutaona.

Uchaguzi ukifika jina langu litakuwepo, ila kupiga kura ni kwa waliolipa. Daftari liko kwa mweka hazina, yeyote anaruhusiwa kulifungua.

Mwenyekiti